Moli si ya mtihani tu: hesabu iliyomo ndani ya paketi ya ORS

Mpenzi msomaji, juma hili nakuomba tuingie darasani kidogo. Tafadhali usigeuze ukurasa. Najua wengi wenu mliagana na kemia siku mlipofunga daftari la mwisho la kidato cha nne. Wengine mliikimbia mapema zaidi, pale mwalimu alipoanza mada ya moli katika kidato cha tatu. Na wazazi nanyi huniuliza: "Daktari, huyu mtoto wangu halali kwa ajili ya hiyo moli. Itamfaa nini maishani?"

Leo nitalijibu swali hilo. Nitalijibu kwa mkasa ulionipata mimi mwenyewe hapa Isiolo, halafu tutafanya hesabu pamoja, hatua kwa hatua. Ukijua kugawanya na kuzidisha, utafika nasi mwisho wa safari. Chukua kalamu na karatasi.

Chupa ya nusu lita

Mwishoni mwa 2023, mvua kubwa za El Nino zilinyesha kaskazini mwa Kenya, eneo lililokuwa limetoka katika ukame mkali wa 2020 hadi 2022. Maji yaliyokuwa yakitafutwa kwa udi na uvumba yakaja mengi kupita kiasi, na kama ijulikanavyo, mafuriko na choo cha shimo si marafiki. Katika kliniki ninayohudumu, foleni ya watoto wanaohara ikawa ndefu.

Asubuhi moja niliona mtoto wa miezi kumi, mwenye uzito wa kilo nane. Alikuwa amehara usiku kucha, lakini alikuwa macho na alikuwa akinywa vizuri. Nilimkabidhi nyanya yake paketi za ORS na tembe za zinki, nikamwambia: "Nyanya, changanya hii na maji, umpe mara kwa mara." Kisha nikamwita mgonjwa aliyefuata.

Kesho yake jioni walirudi. Mtoto alikuwa na kilio chembamba kisichokuwa na machozi. Alikuwa na kiu isiyokatika, na kila alipoguswa alishtuka. Nilipomshika ngozi ya tumbo, ilikuwa laini kama unga uliokandwa. Aliyekuwa amembeba sasa ni shangazi yake, msichana wa kidato cha tatu, na mkononi alikuwa na chupa ya soda ya nusu lita yenye maji meupe.

"Mlimnywesha ORS?" nikauliza.

"Ndiyo, Daktari. Amekunywa chupa moja na nusu tangu jana."

"Na ulichanganya vipi, mwanangu?"

"Paketi moja nzima ndani ya chupa hii. Nilitaka iwe kali ndiyo ifanye kazi haraka."

Paketi ile ilikuwa ya lita moja. Mtoto alikuwa akinyweshwa dawa yenye ukali maradufu. Tulimpeleka hospitalini usiku ule ule, na kipimo cha damu kikaonyesha kwamba sodiamu yake imefika 161, ilhali kiwango cha kawaida ni 135 hadi 145. Madaktari waliishusha polepole kwa siku mbili, maana ukiishusha kwa pupa ubongo huvimba. Mtoto alipona. Namshukuru Mungu.

Lakini sikumlaumu msichana yule. Kosa lilikuwa langu. Nilisema "changanya na maji" bila kusema maji kiasi gani. Na jambo lililoniumiza zaidi ni hili: katika mkoba wake wa shule alikuwa na daftari la kemia, na ndani yake amelifanya vizuri swali la kutafuta wingi wa chumvi katika ujazo fulani wa maji. Alipata alama zote. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba swali lile na chupa ile ni kitu kimoja.

Hesabu ya lori

Hebu sasa tuanze somo lenyewe. Moli ni nini?

Tuseme wewe ni mfanyabiashara wa mifugo hapa Isiolo na unapakia lori la kwenda Nairobi. Mizani inaonyesha kwamba mzigo una uzito wa kilo 1,800. Ukijua kwamba mzigo ni mbuzi na kila mbuzi ana wastani wa kilo 30, huna haja ya kupanda lorini kuhesabu pembe. Unagawanya 1,800 kwa 30, unapata mbuzi 60. Lakini ikiwa mzigo ni ngamia, na kila ngamia ana kilo 450, basi kilo zile zile 1,800 ni ngamia wanne tu.

Umeona? Uzito ni ule ule, idadi ni tofauti kabisa. Na ukitaka kujua idadi, gawanya uzito wote kwa uzito wa mmoja.

Wanakemia hufanya vivyo hivyo. Atomu na molekuli ni ndogo mno, haziwezi kuhesabiwa kwa kidole. Kwa hiyo huhesabiwa kwa mafungu, kama mayai yanavyohesabiwa kwa trei. Trei moja ina mayai 30, yawe ya kuku au ya mbuni. Moli moja nayo ina chembe 602,214,076,000,000,000,000,000, ziwe za chumvi, za sukari au za maji. Tarakimu hiyo huitwa namba ya Avogadro, na tangu Mei 2019 ndiyo maana rasmi ya moli duniani kote. Huhitaji kuikariri. Kumbuka tu kwamba moli ni idadi.

Uzito wa moli moja unapatikana katika jedwali la elementi lililobandikwa ukutani mwa kila maabara ya shule. Sodiamu ni 23. Klorini ni 35.5. Chumvi ya mezani imeundwa kwa sodiamu moja na klorini moja, kwa hiyo moli moja ya chumvi ni 23 + 35.5, yaani gramu 58.5.

Glukosi, ile sukari ambayo mwili huitumia moja kwa moja, ina kaboni 6, haidrojeni 12 na oksijeni 6. Kaboni ni 12, haidrojeni ni 1, oksijeni ni 16. Jumlisha: 72 + 12 + 96 = 180. Basi moli moja ya glukosi ni gramu 180.

Kanuni yenyewe ni fupi: idadi ya moli ni gramu ulizo nazo kugawanywa kwa gramu za moli moja. Ni ile ile hesabu ya lori.

Mwili huhesabu, haupimi uzito

Huenda ukauliza: kwa nini tusitumie gramu tu, tukaachana na moli? Jibu ni kwamba mwili wa binadamu haujui gramu. Mwili huhesabu idadi.

Mtoto anapohara, utumbo wake humwaga maji na chumvi. Ukimpa maji matupu, hayaingii mwilini kwa kasi ya kutosha. Ukimpa chumvi tupu, vivyo hivyo. Lakini katika ukuta wa utumbo kuna milango midogo isiyofunguka mpaka chumvi na sukari ziingie pamoja: sodiamu mbili kwa glukosi moja. Zikiingia, maji huzifuata. Na jambo la ajabu ni kwamba hata ugonjwa mkali kama kipindupindu hauharibu milango hiyo. Mwanasayansi Robert Crane alieleza uhusiano huo wa sodiamu na glukosi mnamo 1960.

Ilichukua miaka kumi na zaidi kabla ya ugunduzi huo kuthibitika katika shida kubwa. Mwaka 1971, wakati wa vita vilivyozaa nchi ya Bangladesh, wakimbizi walifurika mpakani mwa India na kipindupindu kikazuka kambini. Huko Bangaon, Daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa na maji ya dripu. Akaamua kuchanganya glukosi, chumvi ya mezani na magadi ya kuokea katika maji safi, akawaachia jamaa za wagonjwa wawanyweshe. Vifo vilivyokuwa vimefikia takriban wagonjwa 30 katika kila 100 vikashuka hadi chini ya wanne. Hakuwa na mashine wala dawa ya bei kali. Alikuwa na mizani, maji na vipimo sahihi.

Tufungue paketi

Sasa chukua paketi ya ORS ya lita moja, usome maandishi ya nyuma. Utaona vitu vinne:

Chumvi ya mezani (sodiamu kloraidi): gramu 2.6.
Glukosi: gramu 13.5.
Potasiamu kloraidi: gramu 1.5.
Sitrati ya sodiamu: gramu 2.9.

Hiyo ndiyo fomula iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF mwaka 2002. Hebu tuihesabu. Kwa kuwa tarakimu ni ndogo, tutatumia milimoli. Moli moja ni milimoli 1,000, kama vile lita moja ilivyo mililita 1,000.

Chumvi: 2.6 ÷ 58.5 = 0.044 ya moli, yaani milimoli 44.

Glukosi: 13.5 ÷ 180 = 0.075 ya moli, yaani milimoli 75.

Potasiamu kloraidi: potasiamu ni 39 na klorini ni 35.5, jumla 74.5. Basi 1.5 ÷ 74.5 = milimoli 20.

Sitrati ya sodiamu: moli moja, pamoja na maji yaliyoshikamana nayo, ni gramu 294. Basi 2.9 ÷ 294 = milimoli 10. Lakini angalia: kila sitrati moja imebeba sodiamu tatu, kama mama aliyebeba watoto watatu. Kwa hiyo milimoli 10 za sitrati huleta milimoli 30 za sodiamu.

Sasa jumlisha sodiamu yote: 44 kutoka kwa chumvi na 30 kutoka kwa sitrati. Ni 74. Wataalamu huandika 75, kwa kuwa sisi tumepunguza desimali njiani. Na glukosi ni ngapi? 75. Sodiamu 75, glukosi 75. Ukitazama gramu peke yake hutaliona jambo hilo, maana gramu 2.6 na gramu 13.5 hazifanani hata kidogo. Ukihesabu moli, siri inafichuka: kuna glukosi ya kutosha kwa kila sodiamu inayotaka kupita mlangoni.

Tukijumlisha chembe zote zilizomo katika lita moja, yaani sodiamu 75, klorini 65, potasiamu 20, sitrati 10 na glukosi 75, tunapata 245. Ishike tarakimu hiyo. Damu ya binadamu ina chembe kati ya 275 na 295 hivi kwa kila lita. Maji yana tabia ya kuhama kutoka mahali penye chembe chache kwenda mahali penye chembe nyingi. ORS ina 245, damu ina karibu 290. Basi maji hutoka utumboni yakaingia damuni. Hilo ndilo tunalolitaka.

Fomula ya zamani, iliyotumika kuanzia miaka ya sabini, ilikuwa na chumvi gramu 3.5 na glukosi gramu 20. Jumla ya chembe zake ilikuwa 311. Tofauti kati ya 311 na 245 huenda ukaiona ndogo, lakini uchunguzi ulionyesha kwamba watoto waliopewa fomula mpya walihitaji dripu mara chache zaidi, pungufu kwa kama theluthi moja. Kwa sababu ya tofauti hiyo dunia nzima ilibadilisha paketi.

Tuirudie ile chupa

Sasa unaweza kuhukumu mwenyewe kilichotokea kwa mtoto yule. Paketi ya lita moja ilitiwa katika nusu lita. Idadi ya chembe haikubadilika, lakini maji yalikuwa nusu. Kwa hiyo ukolezi, yaani kiasi cha kitu katika kila lita, ulikuwa maradufu:

Sodiamu: 75 × 2 = 150. Hii imepita hata sodiamu ya damu yenyewe.
Chembe zote: 245 × 2 = 490.

Linganisha 490 na 290 ya damu. Maji yatahamia wapi? Yatatoka damuni yaingie utumboni. Kila kikombe alichonyweshwa mtoto kwa mapenzi kilimwongezea chumvi, na kwa wakati huo huo kikamvuta maji. Ndiyo maana alizidi kuwa na kiu. Akililia maji, alipewa tena chupa ile ile.

Kwa hiyo, mpenzi msomaji, shika neno hili hata ukisahau mengine yote: maji ni nusu ya dawa. Dawa iliyokolea kupita kiasi si dawa yenye nguvu. Ni dawa nyingine kabisa.

Kosa la upande wa pili nalo lipo. Kuna wanaotaka paketi moja iwatoshe watoto watatu, wakaitia katika lita tatu. Gawanya: 75 ÷ 3 = 25. Sodiamu hiyo ni kidogo mno. Mtoto atakunywa tumbo lijae, lakini chumvi aliyoipoteza haitarudi, na damu yake yaweza kuwa chepechepe. Hatari ipo pande zote mbili.

Kumbuka pia kwamba madukani kuna paketi za nusu lita na kuna paketi za lita moja. Zinafanana kwa sura. Usiende kwa mazoea ya paketi ya mwaka jana. Soma maandishi kila mara, na kama macho hayaoni vizuri, muulize mfamasia au mtoto anayesoma.

Soda, chai na maji ya kisima

Mara nyingi naulizwa kama soda inaweza kutumika badala ya ORS. Tuulize moli. Soda ya kawaida ina sukari kama gramu 10 kwa kila mililita 100, yaani gramu 100 kwa lita. Sukari ya mezani ina gramu 342 kwa moli. Basi 100 ÷ 342 ni milimoli 292. Lakini kila molekuli ya sukari hiyo hupasuka vipande viwili tumboni, glukosi na fruktosi, kwa hiyo tunapata chembe 584. Ni maradufu ya damu, na sodiamu karibu hakuna. Soda humzidishia mtoto kuhara. Chai yenye sukari nyingi, hata ikiwa ya maziwa ya ngamia, ina kasoro hiyo hiyo ya sukari.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi wa kaskazini. Visima vyetu vingi vina maji ya chumvi, na anayekunywa chai ya huko hujua bila kuambiwa. Tuseme maji ya kisima yana sodiamu milimoli 25 kwa lita. Ukitia paketi ya ORS humo, sodiamu itakuwa 75 + 25 = 100. Hesabu imeharibika kabla hujaanza. Ikiwezekana, kwa ORS ya mtoto tafuta maji yasiyo na ladha ya chumvi: ya mvua, ya mfereji au ya chupa. Kumbuka kwamba kuchemsha maji huua vijidudu lakini hakuondoi chumvi. Maji yakipungua sufuriani, chumvi hubaki na ukolezi wake huzidi.

Mtungi wa lita 20

Hesabu hii ya kiasi kwa lita inakufaa hata kabla ugonjwa haujaingia nyumbani. Chukua dawa ya kutibu maji ya kunywa. Tuseme chupa imeandikwa klorini asilimia 1.25. Maana yake ni gramu 1.25 katika mililita 100, yaani miligramu 12.5 katika kila mililita moja. Ukitia kifuniko cha mililita 3 katika mtungi wa lita 20, umetia 12.5 × 3 = miligramu 37.5. Gawanya kwa 20: karibu miligramu 2 kwa lita. Hicho ndicho kipimo kinachotakiwa kwa maji maangavu. Maji yenye tope huhitaji maradufu baada ya kuchujwa kwa kitambaa safi, kwa sababu tope hula klorini. Tikisa, kisha ngoja nusu saa kabla ya kunywa.

Lakini usitumie tarakimu zangu kwa chupa yoyote uliyo nayo. Ukali hutofautiana. Dawa ya kufulia nguo huwa kali mara tatu au nne kuliko hiyo. Soma kibandiko, ufuate maelezo yake.

Kipimo cha nyumbani

Ikiwa paketi hazipatikani na mtoto anahara usiku, yapo maji ya kuchanganya nyumbani: lita moja ya maji salama, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Kijiko kiwe kile cha chai, na kiwe kimesawazishwa kwa kisu, si cha mlima.

Tukihesabu: vijiko sita vya sukari ni kama gramu 25. Basi 25 ÷ 342 = milimoli 73 za sukari, ambazo tumboni hutoa milimoli 73 za glukosi. Karibu sawasawa na paketi! Nusu kijiko cha chumvi ni kama gramu 3, na 3 ÷ 58.5 = milimoli 51 za sodiamu. Imepungua kidogo kuliko paketi, na hiyo ni salama zaidi kuliko kuzidi, kwa sababu jikoni hakuna mizani. Potasiamu hakuna, kwa hiyo mpe mtoto mkubwa ndizi mbivu pia. Onja kabla ya kumpa. Yasiwe na chumvi kupita machozi. Yakizidi machozi, mwaga uanze upya.

Huu ni msaada wa usiku mmoja. Kukicha, tafuta paketi.

Jinsi ya kumpa

Baada ya kila choo cha majimaji, mtoto wa chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100, na wa miaka miwili hadi kumi apewe mililita 100 hadi 200. Mpe kwa kijiko au kikombe, kidogo kidogo. Akitapika, ngoja dakika kumi, kisha anza tena polepole. Usimwachishe kunyonya. Mpe na chakula. ORS iliyochanganywa isikae zaidi ya saa 24.

Zinki nayo isisahaulike: miligramu 20 kwa siku, kwa siku 10 hadi 14. Mtoto wa chini ya miezi sita hupewa miligramu 10.

Mlete mtoto kituoni bila kukawia ikiwa hawezi kunywa au kunyonya, anatapika kila kitu, amelegea au amepoteza fahamu, macho yamedidimia, ngozi ukiifinya hairudi upesi, kinyesi kina damu, au choo kinatoka kama maji ya mchele. Usingoje asubuhi.

Mazoezi

Haya ni ya kufanya mezani jioni, mzazi na mwanafunzi pamoja.

1. Paketi ya ORS ya nusu lita ina chumvi gramu 1.3. Hiyo ni milimoli ngapi za chumvi? Na ukiitia katika nusu lita, ukolezi wake ni milimoli ngapi kwa lita?

2. Mtu ametia paketi ya lita moja katika chupa ya mililita 750. Sodiamu imekuwa milimoli ngapi kwa lita?

3. Mtoto wa kilo nane amekaukiwa kiasi, na kituoni hupewa ORS mililita 75 kwa kila kilo, katika saa nne. Atapewa kiasi gani kwa jumla, na kiasi gani kila saa?

Majibu: (1) 1.3 ÷ 58.5 ni milimoli 22. Katika nusu lita ni milimoli 44 kwa lita, sawa kabisa na paketi kubwa. (2) 75 ÷ 0.75 = milimoli 100 kwa lita. (3) 75 × 8 = mililita 600; kila saa mililita 150.

Tangu siku ile, mezani mwangu kuna chupa mbili tupu, moja ya nusu lita na nyingine ya lita moja. Hakuna anayetoka na paketi ya ORS kabla hajanionyesha kwa kidole ni chupa ipi atakayotumia. Inachukua nusu dakika, na foleni husubiri.

Nawe mwanafunzi unayesoma ukurasa huu, pengine ndiwe msomi pekee wa kemia katika nyumba yenu. Paketi ikiletwa nyumbani, usiwaachie wengine wakisie. Ichukue, isome, uulize: ni ya maji kiasi gani? Hilo ni swali la mtihani, na mtahiniwa amelala kitandani.

Hadi juma lijalo, nakutakia afya njema.